Sina Ngazi

Muuguzi ana fomu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
"Mzee Chiteme, unaweza kupanda ngazi
bila kupumzika?"

Sista, mimi ni mtu wa Mpunguzi.
Nyumba yangu imelala chini kama mbuzi aliyeshiba.
Ngazi pekee ninayoijua ni ya kupandia paa,
kuziba matundu kabla ya mvua,
na hiyo Perisi ameificha kwa jirani.

Anaandika: haihusiki.

Basi andika hivi.
Kutoka mlangoni kwangu hadi bombani ni nguzo nne za umeme.
Wiki ya tatu nilifika ya kwanza, nikaikumbatia,
watoto wa shule wakadhani nimelewa
saa moja asubuhi.
Mwezi wa tatu nilizimaliza zote, nikarudi,
nikakuta chai bado ina moto.
Hilo nalo lina kisanduku?

"Usingizi?"
Nililala chali muda mrefu, kama maiti mwenye adabu.
Usiku niliogeuka kwa mara ya kwanza
mfupa wa kifua ulisema *ka!*
Tukanyamaza wote wawili gizani, tukisikiliza,
kisha Perisi akaanza kucheka.

"Maumivu?"
Kifuani, baridi ikija. Mguuni ni ganzi,
pale walipouchomoa mshipa wakaupeleka juu.
Ngozi ya muundi haijui
kama nzi ametua au ameondoka.
Ajabu, mguu ndio unaonung'unika, moyo umenyamaza.
Aliyekopesha hasahau.

Daktari alituchorea kwenye karatasi:
njia ya zamani imeziba, tumepitisha mchepuko hapa,
na hapa, na hapa.
Perisi akakunja uso:
"Miaka thelathini na nane nakuchunga,
leo unanirudia na michepuko mitatu,
tena nimeilipia mwenyewe!"
Nilicheka nimebana mto kifuani,
maana siku zile kicheko kilikuwa kinavuta waya.
Aliuza ng'ombe wanne. Hilo hakulitaja.

"Chakula?"
Hapo ndipo nilipofiwa.
Mlenda usio na chumvi ni mvua ya redioni,
inatangazwa, hailowanishi.
Nyama ya mbuzi naila kwa pua
jioni za Jumamosi, moshi wa jirani ukipita.

"Huzuni?"
Anauliza akitazama dirishani, na mimi natazama huko huko.

Kuna mchana, Sista, upepo unaokota vumbi jekundu
na kulimwaga kwenye kila kitu nilichokipenda.
Nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni mwa shamba,
vijana wanapogoa mizabibu yangu.
Wanakata vibaya. Wanaacha macho mengi mno.
Nafungua mdomo niwakemee, nasahau,
nimeshaanza tena kusikiliza mapigo,
moja, moja, moja,
kama mtu anayehesabu chenji
ya muuza duka asiyemwamini.
Machozi yananitoka bila msiba.
Wanangu husema, baba, shukuru umepona.
Nashukuru. Yanatoka tu.

Anageuza ukurasa, ingawa nyuma hauna kitu.

Jana Perisi alikwenda kusaga.
Nikachukua mkasi uliokuwa juu ya kabati.
Tawi moja. Moja tu, mstari wa mwisho,
mzabibu alioupanda marehemu baba.
Nikaacha macho mawili, alivyonifundisha.
Pale nilipokata pakatoa tone la maji, likaning'inia.
Nikaketi chini, nikasubiri kifua kiseme neno.
Kikakaa kimya. Tone likaanguka.
Nikaurudisha mkasi juu ya kabati,
lakini nimeuweka kichwa chini, Perisi ataona.

"Kwa ujumla, mzee. Moja hadi kumi."

Weka saba.
Jana ilikuwa nane, nusu saa hivi.
Na ukirudi kwenye lile swali la ngazi
futa hiyo *haihusiki*,
uandike: tawi.