Kawa

Mashine kumi na mbili zilishuka Mkoani,
zimeviringishwa nailoni, sadaka ya watu tusiowajua.
Siku ya arubaini, kama vile tumewasomea hitma,
vioo vyote vikawa vyeusi.
Pembeni, kwa herufi ndogo zenye adabu:
Nakala hii si halali.

Neno hilo kwetu Wete si la kuchezea.
Mama, aliyeniletea mihogo skulini,
alilisoma herufi kwa herufi,
kisha akakivuta kikapu kwake.
"Nani kaiba?"

Hakuna aliyeiba, mama. Ni kodi.
Mwili wa mashine wapewa, roho wakodishwa,
na mwenye roho akichelewa kulipwa huja kuitoa.
Akauliza bei kwa ng'ombe.
Nikamwambia: wa Faki wote, na ndama wao.

Shaame wa simu, jirani na benki,
alikuwa na dawa yake: sahani ya Darajani, elfu tano.
"Inafungua kila kitu, mwalimu, wala haiulizi."
Nikaishika, nikamrudishia.
(Nisijitie ucha Mungu. Mwaka juzi niliitumia,
ikaingia na mdudu
akatafuna mitihani ya Kidato cha Pili, jibu baada ya jibu.)

Ndipo Raya akaja likizo kutoka Unguja,
Raya niliyemfundisha kushika kipanya,
na kijiti chake cha kumbukumbu kimefungwa uzi shingoni.
"Hii bure, mwalimu."
Rahisi huvunja upishi, nikamwambia.
"Sikusema rahisi. Nimesema kawa lake halijashonewa kwenye sahani."

Akalifunua.
Mistari, mistari, maelfu ya mistari,
na katikati yake watu wameandikiana:
hapa nimetia hiki kwa sababu ile,
hapa sijui, anayejua arekebishe.
Nilikaa kitako.
Miaka tisa nafundisha kompyuta
na sikuwahi kuona wali umepikwaje.
Funika kombe mwanaharamu apite, sawa,
lakini mezani ni mimi na wanafunzi wangu.
Huyo mwanaharamu alikuwa nani?

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka.
Printa iligoma wiki tatu.
Mwalimu mkuu alipita mlangoni kila asubuhi,
"Bado hiyo ya bure?"
na kila asubuhi neno *bure*
lilikuwa refu zaidi mdomoni mwake.
Raya alikesha akiuliza watu wasiojua Pemba iko wapi,
na mmoja wao, kwao usiku wa manane,
akamjibu kwa mistari minne.
Printa ikakohoa. Ikatoa karatasi.

Wala si printa iliyonifunga kwa mfumo huu. Ni neno.
Mfumo ulikuja na Kiswahili, wa nani sijui,
na pale pa kufuta kosa la mwisho
pameandikwa *Tengua*.
Darasa likaangua kicheko.
Khatibu, mchokozi wa nyuma, kanyosha mkono:
"Mwalimu, nikibonyeza hapa
nikatie udhu upya?"

Nikalipeleka swali nyumbani.
Mama alikuwa barazani anasuka kawa la harusi,
chane nyekundu, chane za rangi ya manjano,
akasita, akarudi nyuma safu mbili, hakuinua macho.
"Mimi hapa nafanyaje?"
Unafumua, mama.
"Basi."

Tuliliandika, tukalituma, kwa jina la darasa.
Miezi sita kimya.
Kisha toleo jipya, na pale pale, kwenye mashine zote kumi na mbili,
na kwenye mashine za watu nisiowajua, Lamu au wapi:
*Fumua*.

Mama alikuja kuliona. Alilitazama
kama mtu anavyotazama mtoto wake kapanda jukwaani.
Halafu akauliza lile lile, taratibu:
"Na hii halali?"
Halali, mama. Nakili, mpe jirani.

Mwisho kabisa wa orodha ya waliosaidia
tumo na sisi: Skuli ya Wette, Pemba.
T mbili.
Khatibu ameshawaandikia.