Nipe Kinachokuwa Butu

Maniago, Novemba. Mvua inapiga kizingiti cha duka.
Mimi nyuma ya kaunta nayapaka mabapa mafuta,
Dorino na Ilde wanagombania chuma
kama ndugu waliorithi kiwanja kimoja.

Dorino alikaa miaka thelathini na minne
mbele ya cherehe ya kiwanda.
Gumba lake halina ukucha,
na ndilo hilo hilo analopimia makali.
"Kaboni," anasema. "Chuma kinachokubali jiwe.
Kikikata nyanya kinageuka samawati,
kinaota uso. Hivi vyenu vinavyometameta
havina uso, vina kioo tu."

Ilde anapikia watoto mia mbili na kumi.
Hana nafasi ya nyuso.
"Limau, kitunguu, limau, sinki, kitunguu.
Nikisimama kukifuta kila mara,
polenta atasonga nani?"
Yeye ni wa N690, ile ya Austria yenye kobalti:
haioti kutu, haina makuu,
jioni anaigusisha kinoo mara sita
anakwenda zake kulala.

Ile laini, 420, hawaitaji hata kwa matusi.
Hiyo tunawauzia watalii
pamoja na picha ya mnara wa kanisa.
Haishiki kutu.
Makali nayo haiyashiki.

Kisha kuna rafu ya juu, M390,
chuma kilichofanywa unga, kikashindiliwa kwa moto
kikarudi kuwa chuma.
Bei yake ni kodi ya nusu mwezi.
Vijana hukinunua wakafungulie bahasha,
wakitaja ugumu wake, sitini na moja,
kama wanataja mahari.
Sicheki sana. Ninacho kimoja.
Nimekinoa mara mbili kwa miaka mitatu;
ya pili ilikula Jumapili nzima
na jiwe la almasi, na machozi kidogo.

Kila mtu na pua yake.

Ndipo akaingia Nerina, mwavuli unachuruzika.
"Kisu cha baba. Ana miaka themanini na saba."
"Anakatia nini?"
"Zamani, matawi ya mizabibu. Sasa mkate."

Nikanyoosha mkono rafu ya juu:
"Hiki hatakinoa tena maisha yake yote."
Nikaisikia sentensi yangu ikiwa imeshatoka.

Hakukasirika. "Hicho tulishampa," alisema.
"Krismasi ya mwaka juzi, kaka yangu, kwa mapenzi.
Kila jioni baba alikuwa na kinoo cha babu,
bakuli la maji, gazeti la jana.
Ananoa, anakata gazeti, ananoa.
Kile kisu kikawa kinakata tu.
Leo kinakata. Kesho kinakata.
Februari akalitia jiwe kwenye droo ya chini.
Machi akaanza kutuuliza leo ni siku gani."

Mvua ikapata nafasi ya kusema.

"Nipe kinachokuwa butu.
Kila siku, kama kipo.
Lakini kisiwe kibovu. Atajua."

Dorino alikuwa ameshinda, na hakujua
aiweke wapi mikono yake.
"Kitaota kutu," Ilde alisema, taratibu sasa, "na macho yake yale."
"Kutu ataisikia kwa kidole."
"Ugumu wake basi?"
"Hamsini na nne."
"Hiyo ni siagi, utamtukana mzee. Hamsini na sita."
Wakavutana kwa namba mbili
kama watu wanaopima dawa.

Tukachagua kaboni, mpini wa mzeituni.
Nikakipeleka chumba cha nyuma, nikakitia makali
mpaka kikanyoa malaika ya mkono wangu.
Halafu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mteja,
nikakipitisha mara moja kwenye kitako cha kikombe,
makali yakalegea kidogo,
yakabaki na kazi ndani yake.

Euro thelathini na nane. Akazihesabu kwa sarafu.

Mlango haujafungika, Dorino akapata sauti:
"Si nilikwambia, kaboni!"
"Hukuniambia," alisema Ilde, akifunga kitambaa chake kichwani.
"Ulipiga kelele."