Ganda la Jibini

Tuliambiwa tusubiri mlangoni hadi tuitwe,
kana kwamba meza tupu hatukuiona.
Baba alivua kofia. Mama alipangusa viatu mara mbili,
vumbi jeusi la Ndosho likabaki kwenye zulia
lenye jina la mkahawa. Jina lilelile, wanasema,
liko Bukavu, liko Kigali,
na picha ileile ya mpishi mnene anayecheka
ambaye hakuna aliyewahi kumkuta jikoni.

Ni Asifiwe aliyetaka. Amepata dipulome,
asilimia sitini na mbili, na alipoulizwa zawadi
hakusema simu, hakusema viatu.
Alisema piza. Ile inayovutika,
akanyoosha mikono kama mtu anayepima kitambaa.

Byamungu, kijana wa aproni, alileta karatasi ngumu ya picha.
Mama aliigeuza nyuma na mbele.
"Na sombe iko ukurasa gani?"
Byamungu hakucheka, na kwa hilo nilimpenda.
"Sombe hapana, mama. Iko ya sambaza. Iko ya uyoga.
Iko ya fomaji ine, lakini zile ine zote
ni moja tu, ya Masisi."

Hapo Baba aliinua kichwa.

Miaka kumi na tisa aliamka kabla ya jogoo
kwenda kuwageuza. Ndivyo asemavyo, kuwageuza,
kama wagonjwa wasioweza kujigeuza wenyewe,
mviringo baada ya mviringo juu ya mbao,
chumvi viganjani, mlango umebanwa nzi wasiingie.
Aliteremka Goma na godoro kichwani,
hakuteremka na hata kipande.
Tangu siku hiyo, akiwaona vijana wanaoitembeza barabarani
huvuka upande wa pili, kama mdaiwa.

Piza ikafika, vipande vinane, nasi watano.
Kisu na uma Mama aliviweka kando kwa heshima,
kama wageni wasiojua kazi.
Asifiwe alivuta uzi mrefu hadi ukamkatikia kidevuni.
Baba hakula. Alifunua kwa ukucha, akanusa,
akamwita Byamungu. "Nipe ganda."
"Ganda gani, muzee?"
"Lile munakata, munatupa. Nipe."

Umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikashika.
Ganda lilikuja kwenye kisahani, kama bili,
la njano, upande mmoja mnene, upande mwingine umelegea.
Alilipitishia kidole gumba
jinsi wabadilisha pesa wa Birere wanavyopapasa dola.

"Huyu alikuwa na haraka," alisema.
"Amegeuza, ndiyo. Lakini si kila siku.
Siku ya tano, ya sita hivi, hakuja."

Tulinyamaza. Kila mmoja wetu
aliijaza siku ile ya sita kwa anachokijua.

"Halafu akarudi. Tazama hapa.
Akarudi, akaendelea."

Ndipo akala. Vipande vitatu,
na kingo zote ambazo Mama alizikataa.

Nilipolipa, Byamungu alinirudishia noti ya kumi:
mpasuko pembeni, mdogo kama kope.
"Hii hawaipokei, dada. Hata mimi inaniuma."
Tukapindua mifuko, tukahesabu faranga zilizokunjwa,
pamoja na zile za pikipiki ya kurudi.

Basi tulitembea. Baba mbele, ganda kwenye mfuko wa shati,
doa la mafuta likipanuka hadi kwenye kifungo,
Mama nyuma akimwonya kuhusu panya.
Alikuwa akipiga hesabu kwa sauti:
kama lilitiwa chumvi mwezi wa tatu,
na barabara ilifungwa wa nne,
basi aliyeligeuza ni ama...
Hesabu ikakwama kwenye kona ya kwanza.
Akaianza upya, tangu maziwa.