Sifuri ya Penseli

Mwalimu Shekiondo alikuja kwa baiskeli kutoka Ngamiani,
mguu mmoja wa suruali kaubana kwa kibanio cha kuanikia nguo,
na mara nyingi akakisahau,
akafundisha vipindi viwili vya kemia
kibanio kikimng'ata kifundoni
na sisi Kidato cha Tatu tukijiuma midomo.

Maabara yetu ilikuwa na byureti nne.
Moja ilivuja. Akaifunga kwa kipande cha mpira wa tairi,
akasema: hii nayo itafanya kazi,
ila msiiamini kabla hamjaichungulia.

Siku ile ya asidi na besi tulikwishajua jibu.
Dada waliotutangulia walituachia daftari zao:
ishirini na tano nukta sifuri.
Tukamwaga maji ya waridi kwenye sinki, tukacheka,
tukaandika ishirini na tano nukta sifuri,
wasichana thelathini na wanane, miandiko mbalimbali, uongo mmoja.
Mwanahawa Kilua tu, aliyeangukiwa na ile inayovuja,
aliandika ishirini na tatu nukta sita
na pembeni, kwa herufi za woga: nimerudia mara tatu.

Daftari zikarudi. Mwanahawa, kumi juu ya kumi.
Mimi sifuri. Kwa penseli, si kwa wino mwekundu,
na chini yake neno moja:
Umejuaje?

Nilimfuata hadi kwenye baiskeli, kamasi zikinitoka.
Jibu langu ni sahihi, Mwalimu, limo hata kitabuni.
Alikuwa anapapasa mifuko akitafuta kibanio;
kilikuwa mguuni.
"Kitabu kilipima cha kwake," akasema. "Wewe umepima nini?"
Kisha, keshapanda tayari:
"Hiyo ni penseli, inafutika. Njoo Jumamosi."

Leo ninapima maji ya mji huu.
Mwezi wa nne, mvua ilipoutibua mto,
bosi aliniletea fomu saa kumi na nusu jioni:
gari linasubiri, dada, weka namba za jana,
maji ni yale yale.
Sitasema nilikuwa shujaa.
Niliwaza ada ya mtoto, niliwaza mkataba unaoisha Juni,
na kalamu ilikwishagusa karatasi
nilipohisi kitu kinanibana kifundoni.
Nikavaa glavu.
Nilitoka saa sita usiku, Makorora kimya, mbwa tu na mimi.
Namba haikuwa ya jana.
Bosi hakuniitikia salamu wiki mbili.

Mwaka jana nikamkuta Bombo, foleni ya dirisha la dawa,
kakonda, shati lile lile la mifuko miwili au nduguye.
Nikamtajia jina langu, shule, mwaka. Hakunikumbuka.
Alimkumbuka Mwanahawa.
"Yule wa byureti mbovu, yuko wapi siku hizi?"
Ana duka la vitambaa Korogwe, nikamwambia,
na hapokei jora hata moja bila kulipima upya.
Akacheka mpaka akakohoa.
Habari ya sifuri yangu sikumwambia.

Dirishani wakamwita.
Vidonge ishirini na nane, mzee, viwili asubuhi, viwili jioni.
Mwalimu akavimimina kiganjani
akaanza kuvihesabu, kimoja, kimoja,
midomo ikicheza,
na foleni nzima nyuma yetu ikinung'unika.