Wimbi la Nyamugo

Miaka miwili tulisoma umeme kwa chaki.
Profesa alichora wimbi ubaoni, laini,
linapanda, linashuka, halina kovu,
nasi tukalinakili kama anwani
ya mji tusiotarajia kufika.
Osiloskopu ilikuwepo, moja, nyuma ya kufuli.
Ufunguo, tuliambiwa, uko Uvira
mfukoni mwa mtu aliyekwenda mazishini.

Kisha asista Zihalirwa akaja na visanduku saba,
hakuna kilichozidi mkate wa Jumapili.
"Tia saini hapa. Nyaya arobaini, resista sitini,
taa ndogo kumi. Ijumaa nahesabu."
Nikakipokea kwa mikono miwili
kama mtoto wa mtu.

Nilipanda nacho Nyamugo, tope hadi kifundoni,
kisanduku ndani ya kitenge, mvua inipige mimi.

Usiku wa kwanza nilipasua kapasita.
Paa!
Mama, viganja vikinuka sambaza, akauliza:
"Ndiyo hayo masomo?"
Ndiyo hayo.
Niliipachika kichwa chini miguu juu,
na sasa kidole changu kinajua
chanya na hasi hazitaniwi.

Usiku wa tatu umeme ulirudi saa nane.
Mlima mzima ukapiga kelele, pasi zikatoka uvunguni,
kinu cha Bisimwa kikaanza kunguruma.
Nilikuwa tayari: transfoma
niliyoing'oa kwenye redio mfu ya mjomba,
ipunguze makali ya ukutani;
mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni,
kama tulivyoagizwa.

Likaja.
Si lile la ubaoni.
Hili limebonyea utosini,
linachechemea,
na kila kinu kilipomeza mahindi
likazama, volti mia na sitini,
likajikongoja juu tena.
Mama akainama begani kwangu.
"Linaumwa?"
"Ndilo letu, mama. Ndilo linalofika huku."
Akalitazama kimya, muda mrefu,
anavyotazama samaki kabla ya kutaja bei.

Ijumaa nilirudisha nyaya arobaini, resista sitini,
taa tisa. Ya kumi, nyekundu,
iko chini ya mto wa Akonkwa mdogo wangu
pamoja na betri ya saa ya ukutani
(ndiyo maana nyumbani bado ni saa tatu na robo).
Niliilipa kwa nauli, nikatembea wiki nzima.

Kwenye ripoti nilichora nilichokiona.
Asista akaandika kwa wino mwekundu: Kosa. Rudia.
Kisha akalikata lile neno kwa mstari mmoja,
na chini yake, mwandiko wa haraka,
wa mtu ambaye hakulala:

"Jana usiku nilipima kwangu, Panzi.
Langu limebonyea kuliko lako.
Lilete tuyaweke pamoja."