Tundu la Kumi na Moja

Chetezo cha mama nimekiiba sebuleni,
nimekiweka mbele ya feni hapa Al Amerat,
kwenye banda lililokuwa la gari la baba.
Sifukizi harusi, sifukizi maiti.
Nataka kuuona upepo.

Moshi wa ubani unaingia kwa paji la helmeti,
tundu la kwanza, la pili, vizuri,
kisha utosini unasita,
unazunguka palepale kama mgeni
aliyekaribishwa ndani asioneshwe kiti.
Hapo ndipo kichwa kinapochemka.
Naweka alama ya wino.

Watu hudhani kazi yangu ni kutoboa.
Toboa, wanasema, toboa liwe chekeche!
Biju wa maabara kule Rusail
ndiye anayejua bei ya tundu.
Anakivisha kichwa cha chuma helmeti yangu,
anakipandisha mita mbili kasoro,
anakiachia juu ya fuawe.

Matundu kumi: povu lilibonyea, likameza kishindo, likanyamaza.
Matundu kumi na moja:
ufa ulitoka tundu hadi tundu
kama umbeya unavyovuka mtaa.
Aliniletea vipande viwili ndani ya mfuko wa sokoni.
"Dada, hii imepumua vizuri mno."
Tukacheka.
Baadaye nilikaa ndani ya gari,
kiyoyozi kikinguruma, nisiende popote.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Utotoni sikujua kwamba ni vijinga vya kuni,
nilidhani methali inasema juu ya mavazi:
ganda, povu, kitambaa, nywele,
kinga juu ya kinga, na chini yake moto.
Sikukosea sana.

Juni, gharbi ikishuka, saa kumi na mbili asubuhi
vyuma vya baiskeli havishikiki.
Muhanna kaka yangu aliipenda akaba ya kwenda Bausher,
pale barabara inaposimama wima kama ngazi.
Polisi walituletea vitu vyake:
simu, chupa ya maji, kiatu kimoja,
na helmeti. Nzima. Mkwaruzo mmoja tu ubavuni.
Ilikuwa imening'inia kwenye usukani.
"Joto," alisema askari, kijana, akitazama sakafu.
"Wengi huivua wakipanda,
wakasahau kuivaa wakishuka."

Helmeti ile ilikuwa na cheti.
Hata leo Biju akiiangusha, itafaulu.
Hakuna fuawe inayopima kofia iliyovuliwa.

Ijumaa moja, Birkat al Mauz, shambani kwa ami,
nilimwona mtoto kwenye mfereji wa falaji
na tambara lililoviringwa, na jiwe.
Akaziba mlango mmoja,
maji yakageuka, yakaukimbilia mtende wa mbali.
Hakuongeza tundu hata moja.
Nilisimama pale mpaka viatu vikalowa
na ami akauliza kama naumwa.

Nililiziba la kumi na moja. La sita pia, na la tisa.
Kwa ndani nikachimba mifereji minne
kutoka paji hadi kisogo,
kina cha kucha ya kidole gumba,
kwa maana upepo hauishi kwenye nyumba
isiyo na pa kutokea.

Jana usiku Biju ameandika neno moja: Imeshika.
Sasa moshi unaingia, unapita utosini
bila kuuliza njia,
unatoka nyuma, mwembamba, kama uzi kwenye sindano.

Mama yuko mlangoni, amefuata chetezo chake.
Hakichukui.
Anaipakata helmeti, inanukia kama nguo za Idi,
anapitisha vidole ndani ya mifereji, mmoja baada ya mwingine,
taratibu,
kama anayetenga nywele za mtoto
kabla ya kumpaka mafuta.