Mizani ya Kwamboka

Gesi iliisha chai haijatokota.
Nikashuka ghorofa tano, mtungi begani,
hadi kibandani kwa Kwamboka, Kangemi, nyuma ya kinyozi.

Kwamboka haamini macho, wala mlio wa chuma ukigongwa.
Mtungi mpya anaupandisha mizanini,
anasoma uzito uliopigwa mhuri shingoni,
anatoa. Kinachobaki ndicho gesi.
"Hesabu haina haya," husema.

Nikacheka. Kutwa nzima, Chiromo,
nami nilikuwa na mizani yangu:
galaksi isiyo na jina, ina nambari tu,
naipima kwa mnong'ono wa haidrojeni,
wimbi la sentimita ishirini na moja,
shubiri yangu nikinyoosha vidole.

Inang'aa, hiyo! Majua bilioni mia,
mikono imejisokota
kama donge la chapati kabla ya kusukumwa.
Nikadhani penye taa ndipo penye mafuta.
Ramani ikanisuta: kitovuni, tundu.
Huko gesi ilipikwa zamani, yote, ikawa nyota,
na nyota zenyewe sasa ni vikongwe vya manjano
vimebanana pasipo mtoto.
Kama mjini kati saa sita usiku,
taa zawaka ghorofa kwa ghorofa,
waliozifanyia kazi wamelala Kinoo, wamelala Rongai.

Iliyosalia iko pembezoni:
pete nyembamba, baridi,
pana kupita mwanga, mara mbili,
yazunguka gizani wala haipunguzi mwendo,
imeshikwa na kitu kizito
ambacho mizani yangu hukijua kwa mvuto wake tu.

"Sasa imebaki na ngapi?" Kwamboka akauliza.
Kwa kila kilo mia za nyota, nikamwambia,
gesi kilo tano.
Akaguna. Akafuta mikono kwa leso.
"Hiyo ni chuma tupu, mwanangu. Nani ataijaza?"

Miaka mitatu naandika tasnifu,
hakuna profesa aliyeniuliza hivyo, wazi namna hiyo.
Nikasema labda yanyeshewa kutoka nje, manyunyu,
hatujayaona vizuri.
"Labda," akasema, akahesabu chenji.

Nikapumzika ghorofa ya tatu,
tena ya nne.
Nikafunga mpira, nikanusa, nikawasha kiberiti.

Pete ya buluu.
Katikati, tundu.

Nikasahau kuweka sufuria.